Ushahidi mpya baada ya hukumu: maswali tunayoulizwa na familia za wafungwa

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya ndugu na jamaa wa watu waliofungwa Kenya, na kwa wafungwa wenyewe. Tanzania tumeigusa kuelekea mwisho kwa sababu maswali hutufikia kutoka huko pia. Haya ni maelezo ya jumla, kwa hiyo kabla ya kuchukua hatua mtafute wakili au msaidizi wa kisheria alisome faili lenyewe.

Kaka yangu amefungwa, na sasa tumepata ushahidi kwamba si yeye. Tuanzie wapi?

Anzeni kwa kujua kesi imefika wapi, maana mlango wa kubisha unategemea hilo.

Kama hukumu haijasomwa, hata kama mawakili wamemaliza hoja zao, wakili wenu anaweza kuiomba korti imwite au imrudishe shahidi. Kifungu cha 150 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinairuhusu kufanya hivyo. Hakuna njia rahisi wala ya haraka kuliko hii, na inauma kuona familia imekaa na karatasi nyumbani ikisubiri hukumu "tuone kwanza itakavyokuwa".

Kama hukumu imesomwa na rufaa iko Mahakama Kuu, ombi la kuleta ushahidi wa ziada hupelekwa ndani ya rufaa hiyo hiyo, chini ya kifungu cha 358. Jaji akiona unahitajika, ataandika sababu zake, kisha atausikiliza mwenyewe au ataagiza hakimu wa korti ya chini ausikilize na kumrudishia. Kama kesi ilianzia Mahakama Kuu, mfano mauaji, rufaa huenda Mahakama ya Rufaa, nayo ina uwezo kama huo kwenye kanuni zake.

Kama rufaa zimetupwa hadi ngazi ya mwisho aliyokuwa na haki nayo, au hakukata rufaa hadi muda ukapita, ndipo linapokuja ombi la kesi mpya Mahakama Kuu chini ya Ibara ya 50(6) ya Katiba ya 2010. Usilipeleke huku rufaa bado iko hai. Litatupwa, na utakuwa umepoteza miezi bure.

Muda wa kukata rufaa ni siku ngapi?

Siku 14 tangu hukumu au adhabu itolewe, kwa rufaa ya kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu. Ilani ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufaa nayo ni siku 14. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, ila uwe na sababu. Aliye gerezani humkabidhi mkuu wa gereza karatasi zake za rufaa, naye sheria inamtaka azifikishe kwa msajili. Mfungwa aweke nakala yenye mhuri na tarehe ya siku aliyozikabidhi, kwa sababu karatasi hupotea kati ya gereza na masjala.

Ombi la Ibara ya 50(6) halikuwekewa idadi ya siku. Hata hivyo, ukiukalia ushahidi miaka miwili, jaji atataka kujua ulikuwa unangoja nini.

Ni ushahidi gani unaohesabiwa kuwa mpya?

Jibu linalotumika leo lilitolewa na Mahakama ya Juu mwaka 2014 katika kesi ya Luteni Kanali Tom Martins Kibisu, aliyekuwa ametiwa hatiani na mahakama ya kijeshi. Majaji walisema ushahidi mpya ni ule ambao haukuwepo wakati wa kesi, na ambao hata kwa bidii ya kutosha usingepatikana. Tena uwe na uzito: uwe ungekubalika kortini, uaminike, na uwe wa kiwango ambacho kama ungetolewa wakati ule, huenda uamuzi ungekuwa mwingine. Kibisu mwenyewe alishindwa.

Kwenye rufaa ya kawaida vigezo vinafanana na hivyo. Vilitumika Afrika Mashariki tangu kesi ya Elgood ya 1968, ambayo nayo ilivichukua Uingereza.

Familia nyingi hutujia zikiwa zimejiandaa kuthibitisha kwamba ushahidi ni wa kweli. Jaji huanzia kwingine. Swali lake la kwanza ni: mbona haukuletwa wakati ule? Msipokuwa na jibu la hilo, ukweli wenyewe unaweza usifikiwe kabisa. Kama mna jioni moja tu ya kukaa na kujiandaa, itumieni kwa swali hilo.

Lakini siku ya tukio alikuwa zahanati akitibiwa, na kitabu cha wagonjwa kinaonyesha hivyo. Si inatosha?

Tuchukue mfano wa kubuni, unaofanana na mengi tunayoletewa. Kijana amefungwa kwa wizi wa mabavu. Dada yake anakwenda zahanati ya mtaani, anamwomba muuguzi kitabu cha wagonjwa wa nje, na katikati ya ukurasa wenye doa la chai analikuta jina la kaka yake, umri wake, neno "malaria" na tarehe ile ile ya wizi. Anapiga picha kwa simu na kuja mbio.

Shida ya kwanza ni kwamba kaka yake alijua alikuwa wapi siku hiyo. Kama kweli alikuwa zahanati, alilijua hilo siku aliyokamatwa na siku aliyosimama kujitetea. Kitabu kilikuwa pale pale kabatini. Kwa jicho la jaji, hicho ni ushahidi uliokuwepo, wenyewe wakazembea.

Shida ya pili ni saa. Kitabu cha zahanati aghalabu huandika tarehe bila saa. Wizi ulikuwa saa tatu usiku, zahanati hufungwa jioni. Basi kitabu hakimtoi popote.

Sasa badilisheni mambo mawili. Tuseme kijana alitaja zahanati hiyo tangu siku ya kwanza, ikaandikwa kwenye maelezo yake polisi, na wakati wa kesi akaomba kitabu kiletwe, zahanati ikajibu kwamba kimepotea. Tuseme pia zahanati yenyewe hulaza wagonjwa, alilazwa pale usiku kucha, na muuguzi wa zamu yuko tayari kuapa. Kitabu kikipatikana baadaye, hilo ni jambo tofauti kabisa. Karatasi ni ile ile, ila sasa kuna historia ya mtu aliyeitafuta akanyimwa.

Kwa hiyo msianze na kitabu. Anzeni na rekodi ya kesi na muone kama alilisema neno hilo mahali popote: kwenye maelezo polisi, alipowahoji mashahidi, kwenye utetezi wake. Ibara ya 50(5) inampa haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi kwa ada inayowekwa na sheria. Isomeni yote, hata kurasa zinazochosha.

Wakili wa kwanza alizembea. Tulimpa majina ya mashahidi na hakuwaita. Hilo si sababu?

Kwa kawaida si sababu, na ni vyema mlijue mapema. Mahakama hukataa ombi la mtu anayetaka kuanza upya kwa sababu tu ana wakili mwingine mwenye mbinu nyingine. Ushahidi aliokuwa nao wakili mkononi haugeuki kuwa mpya kwa sababu hakuutumia.

Hali huwa tofauti kidogo kama mshtakiwa hakuwa na wakili kabisa, alikuwa rumande, na hakuwa na namna ya kumfuata shahidi. Hapo mweleze jaji hali hiyo kwa undani: alishikiliwa wapi, nani alimtembelea, aliiomba korti nini na ikajibu nini. Baadhi ya majaji huisikia hoja hiyo.

Vipi kama polisi walikuwa na ushahidi na hawakuutoa?

Hapa ndipo tunapokaa vizuri zaidi kwenye kiti. Ibara ya 50(2)(j) inampa mshtakiwa haki ya kuonyeshwa mapema ushahidi utakaotumiwa na upande wa mashtaka. Kama jambo la kumsaidia lilikuwa mikononi mwa serikali, swali la "mbona hamkuleta" linakuwa na jibu la sentensi moja.

Kitu cha kukitafuta kwanza ni taarifa ya kwanza kwenye kitabu cha matukio cha kituo, ile OB. Tangu kesi ya Terekali ya 1952, mahakama za huku zimeichukulia taarifa ya kwanza kama kipimo kizuri cha ukweli wa shahidi, kwa sababu hutolewa kabla ya watu kushauriana. Kama mlalamishi aliripoti kwamba alivamiwa na "watu asiowajua", halafu miezi mitatu baadaye akasema kortini kwamba alimtambua jirani yake kwa sauti na kwa koti, mstari huo wa OB una thamani kuliko mashahidi watano wa ukoo. Ombeni dondoo lililothibitishwa. Mkinyimwa, ombeni kwa barua, na muitunze nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Mlalamishi mwenyewe sasa anasema alidanganya. Si kesi imekwisha?

Haijaisha. Tunajua jibu hili linavunja moyo, lakini mahakama humtazama kwa shaka sana shahidi anayebadili kauli baada ya hukumu. Aliapa mara ya kwanza, sasa anaapa tena kinyume. Jaji lazima ajiulize ni kiapo kipi cha kweli na nani amezungumza naye hapo katikati.

Shaka hiyo huwa kubwa zaidi katika kesi za unajisi. Chini ya kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi, mtu anaweza kutiwa hatiani kwa neno la mtoto peke yake, mradi korti iridhike kuwa anasema kweli na iandike kwa nini. Mtoto akilifuta neno lake, nguzo ya kesi imetikisika kweli. Ila kila hakimu nchini anajua pia jinsi wazee wanavyokaa chini ya mti, mbuzi akachinjwa, na msichana akaambiwa aokoe ndoa ya shangazi yake. Kauli iliyobadilika baada ya kikao kama hicho haina uzito, na waliokipanga wanaweza wenyewe kushtakiwa.

Kwa sababu hiyo, kamwe ndugu wa mfungwa asimfuate mlalamishi. Asimpigie simu, asimtumie nauli, asimwandikie kiapo. Kama mlalamishi amejitokeza mwenyewe, apelekwe kwa wakili asiye wa familia yenu, akiwa mtoto awe na mlezi asiye na maslahi, na aelezwe kwamba anaweza kushtakiwa kwa kiapo cha uongo. Halafu tafuteni kitu kingine kinachoungana na kauli yake mpya: fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari, isiyolingana na maelezo ya awali, au cheti cha shule kinachoonyesha alikuwa mji mwingine.

Mfungwa mwenzake amekiri kwamba ni yeye aliyefanya.

Tunazipata barua hizi mara kwa mara, zimeandikwa kwenye karatasi ya daftari. Barua peke yake haina nguvu. Mwandishi lazima awe tayari kusimama, kuapa na kuhojiwa, akijua analojiingiza nalo. Akiwa tayari amefungwa maisha, jaji atasema hana cha kupoteza. Kinachompa uzito ni kutaja jambo ambalo halikutoka kortini na linaloweza kuthibitishwa, kwa mfano mahali kilipofichwa kitu kilichoibwa na hakijapatikana hadi leo.

DNA, rekodi za simu, kamera: vipi?

DNA inategemea kama kielelezo bado kipo. Nguo, shuka na sampuli hurudishwa kwa mwenyewe au huharibiwa kesi zikiisha, kwa hiyo andikeni barua mapema kwa korti na kwa Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma mkiomba vielelezo vihifadhiwe. Uingereza, Andrew Malkinson alitiwa hatiani mwaka 2004 na hukumu yake ikafutwa Julai 2023, baada ya kukaa gerezani miaka 17, kwa sababu sampuli zilikuwa zimetunzwa na kipimo kikaonyesha mwanamume mwingine. Wao wana tume ya kupitia kesi za jinai iliyoanza kazi 1997, ingawa tume hiyo hiyo ilimkatalia mara mbili kabla ya kukubali. Kenya hatuna chombo cha namna hiyo, kwa hiyo mtafutaji ni wewe.

Rekodi za simu hupatikana kwa amri ya korti kwa kampuni ya simu. Zinaonyesha laini iliwasiliana kupitia mnara upi, jambo ambalo si sawa na kuonyesha mwenye laini alikuwa wapi. Picha za CCTV nyingi hufutwa kwa kuandikiwa juu baada ya siku au wiki chache. Ushahidi wowote wa kielektroniki, hata taarifa ya M-Pesa iliyochapishwa, huambatana na cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi.

Alikiri kosa mbele ya hakimu. Bado ana nafasi?

Finyu. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinamruhusu aliyekiri kukata rufaa juu ya uhalali au kiwango cha adhabu tu. Njia iliyobaki ni kuonyesha kwamba hakukiri kwa kweli: hakuelewa lugha, au maelezo ya kosa hayakusomwa. Hilo linatoka kwenye rekodi, wala si suala la ushahidi mpya.

Tuliambiwa Muruatetu itamtoa.

Hapana, mmechanganyishiwa mambo. Uamuzi wa Muruatetu wa 2017 ulihusu adhabu ya lazima ya kifo, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba unahusu kesi za mauaji. Uliwapa watu nafasi ya kusikilizwa upya juu ya adhabu. Hatia ilibaki pale pale.

Kuna mahali ushahidi mpya hugusa adhabu, nako ni umri. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kunajisi mtoto wa miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Cheti cha kuzaliwa kinachosogeza umri mwaka mmoja kinaweza kubadilisha hesabu yote.

Hati ya kiapo iandikweje?

Kila mtu aape kile alichokiona au kukifanya mwenyewe. Shahidi mpya awe na hati yake, aliyeupata ushahidi awe na yake, na mfungwa awe na yake. Ndani ziseme ushahidi ulipatikana lini na kwa njia gani, kwa nini haukupatikana kabla ya hukumu, na unabomoa aya ipi ya hukumu. Hiyo ya mwisho husahauliwa sana. Kama hakimu alimtia hatiani kwa sababu ya alama za vidole, shahidi wa tabia njema hata awe askofu hamsaidii.

Ombi likikubaliwa, anarudi nyumbani?

Si lazima. Ibara ya 50(6) inatoa kesi mpya, na wengi hulisahau hilo wanapoandika "naomba niachiliwe". Upande wa mashtaka unaweza kuanza tena, au ukaona mashahidi wake wametawanyika na kuiondoa kesi. Anaweza kuomba dhamana akisubiri.

Kwenye rufaa, jaji akishaupokea ushahidi wa ziada anaweza kumwachilia, kuagiza kesi isikilizwe upya au kuikataa rufaa. Kuhusu kusikilizwa upya, kanuni ya Fatehali Manji ya 1966 bado inashikiliwa: kesi hairudiwi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo ya ushahidi wake.

Mahakama Kuu ikikataa ombi la Ibara ya 50(6), unaweza kukata rufaa Mahakama ya Rufaa.

Sisi tuko Tanzania. Ni hivyo hivyo?

Msingi unafanana, njia ni nyembamba zaidi. Mtu aliyetiwa hatiani na mahakama ya chini hutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe huwasilishwa ndani ya siku 45. Mahakama Kuu ikisikiliza rufaa inaweza kupokea ushahidi wa ziada, na Mahakama ya Rufaa ina uwezo huo katika Kanuni ya 36 ya kanuni zake za 2009.

Tofauti kubwa iko baada ya rufaa ya mwisho. Katiba ya 1977 haina ibara kama ile ya 50(6) ya Kenya. Kinachobaki ni kuiomba Mahakama ya Rufaa ifanye mapitio ya uamuzi wake chini ya Kanuni ya 66, ndani ya siku 60. Sababu zimehesabiwa: kosa la wazi kwenye kumbukumbu lililoleta dhuluma, kunyimwa haki ya kusikilizwa, uamuzi uliokuwa batili, kukosa mamlaka, na hukumu iliyopatikana kwa njia haramu, ulaghai au ushahidi wa uongo. Ushahidi mpya haumo kama sababu inayojitegemea. Mwenye shahidi aliyesema uongo anaweza kujaribu kuingilia sababu ile ya mwisho.

Tuombe msamaha wa Rais badala yake?

Mnaweza, Kenya kupitia kamati iliyowekwa na Ibara ya 133. Msamaha humtoa mtu gerezani, lakini si tamko la mahakama kwamba hakufanya kosa. Tanzania iliona hilo waziwazi kwa wanamuziki Nguza Viking na mwanawe Johnson Nguza, wanaojulikana kama Babu Seya na Papii Kocha: rufaa yao iligonga mwamba 2010, na walitoka kwa msamaha wa Rais Magufuli wa tarehe 9 Desemba 2017. Mwaka 2018 Mahakama ya Afrika huko Arusha ikaona kwamba haki yao ya kujitetea ilikuwa imekiukwa, mojawapo ya mambo yakiwa kutopewa nakala za maelezo ya mashahidi. Walikuwa huru tayari, na hatia iliyothibitishwa 2010 haikuwa imefutwa na msamaha.

Kama mfungwa ni mgonjwa au mzee sana, tungesema endeni na msamaha kwanza.

Akishinda, atalipwa fidia?

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya ni mwanachama wake, unasema katika ibara ya 14(6) kwamba aliyeadhibiwa kisha jambo jipya likaonyesha alidhulumiwa alipwe kwa mujibu wa sheria, isipokuwa yeye mwenyewe alichangia jambo hilo lisijulikane mapema. Kwa vitendo, wengi hufungua kesi ya madai dhidi ya serikali kwa kushtakiwa kwa nia mbaya, na hiyo nia mbaya lazima uithibitishe. Ni kazi nzito. Msikope mkitarajia pesa hizo.

Kuna mtu masjala anasema kwa elfu sitini atalipanga faili.

Msimpe. Akikamatwa, na nyinyi mko ndani, na ushahidi wenu hata ukiwa wa kweli umechafuka. Wakili wa kweli anatoa risiti, na jina lake linaweza kutafutwa kwenye orodha ya Chama cha Mawakili Kenya. Asiye na uwezo aulizie Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016, au wasaidizi wa kisheria walioko magerezani. Baadhi yao ni wafungwa waliosomea kazi hiyo, na wanazijua fomu hizi kuliko mawakili wengi wa mjini.